Stendi Iliyokatwa Nguzo

Kokugonza alikuwa amekaa sakafuni mwa duka la picha pale Kayanga, kanga ameitandika, miguu ameikunja upande mmoja na shingo ameinyoosha kuifikia darubini, wakati shemeji yake Anastazi alipomwambia ainuke.

"Inuka, Mama Ruth. Watu wanapita."

"Wapite. Sijawazuia."

"Unatuaibisha. Stendi haichaguliwi chini, kama mtu anachambua maharage."

Hakuinuka. Alitaka kujua jambo moja tu: ile stendi nyeusi ya miguu mitatu inaweza kushuka hadi wapi. Miguu yenyewe ilikuwa tayari kufunguka mpaka ilale karibu na sakafu. Tatizo lilikuwa katikati, ambapo palining'inia nguzo, bomba refu la kupandishia kamera, nayo iligonga saruji kabla miguu haijafika nusu ya safari yake. Darubini ikabaki juu ya paji la uso wake. Hata akijinyoosha kama kuku anayemeza maji, jicho halikufika.

Cassian, mwenye duka, alikuwa mtu wa Muleba aliyeishi kwa kupiga video za harusi. Alisema kwa upole wa mfanyabiashara, "Mama, hii mtu husimama nayo. Unapandisha nguzo hivi, inafika machoni kabisa."

"Machoni mwa nani?"

Cassian akamtazama yeye, akamtazama Anastazi, halafu akaona kioo cha kabati lake kina vumbi linalohitaji kufutwa.

Anastazi alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wasasi cha kule Kimuli. Kikundi kilikuwa na kibali cha kumsaidia Novath, afisa wanyamapori mwenye bunduki, kila mnyama mharibifu aliposhuka mashambani. Msimu huo aliyewasumbua alikuwa nyati dume, mzee, aliyefukuzwa na kundi lake. Alikuwa amemvunja mbavu mtu mmoja kisimani, na mchana alilala popote alipotaka katika makorongo ya upande wa pili wa mlima. Nyati wa namna hiyo hafuatwi kichakani kwa miguu. Anatafutwa kwa macho, kutoka mgongo wa mlima huu hadi ubavu wa mlima ule, asubuhi jua likiwa nyuma ya mtazamaji, kichaka baada ya kichaka, mpaka lionekane sikio linalofukuza inzi. Na darubini ya kikundi, ile kubwa ya jicho moja waliyoachiwa na mgeni mmoja aliyewahi kupiga kambi huko, haitumiki kwa kushika mkononi. Mapigo ya moyo wa mtu peke yake yanatosha kuutikisa mlima mzima.

Jicho la kikundi lilikuwa Kokugonza.

Hakuna aliyemchagua. Alizaliwa Kituntu, akasoma hadi kidato cha pili, ada ikakata, akaenda kuchambua kahawa kwenye kiwanda. Huko walikaa chini wanawake tupu, safu kwa safu, kutwa nzima, wakiondoa punje mbovu miongoni mwa punje nzima. Baada ya misimu kadhaa mtu hatafuti tena punje mbovu. Anatazama chungu yote, na iliyo mbovu inajitokeza yenyewe. Kisha akaolewa Kimuli, akazaa Ruth, mume akafariki, akabaki na migomba, kahawa kidogo, na shamba la mahindi lililopakana na pori. Siku wasasi walipopita kwake wakilalamika kwamba darubini haina faida, aliomba kuchungulia. Wakampa kwa utani. Akawaonyesha nguruwe pori na watoto wake mahali walipokuwa wamepatazama tangu alfajiri.

Stendi ya wakati ule ilitengenezwa na seremala wa kijijini kwa mbao za muhumula. Ilikuwa fupi kama kigoda na nzito kama mlango. Kuitumia kulitaka mtu akae chini kabisa, kwenye majani yenye umande, saa nyingi. Hapo ndipo wanaume walipomwachia kazi. Huku mwanamume hukalia kigoda au kiti, na asipopata husimama. Wanaokaa chini wamekunja miguu ni wanawake na watoto. Basi msasi mzima, mwenye ndevu zake na mkuki wake, akae chini mbele ya wenzake kama bibi anayesuka mkeka? Walisimama nyuma ya Kokugonza wakivuta sigara, wakamwita kuku aliyeatamia, na kila alichokiona wakakifuata. Stendi aliibeba yeye mgongoni, kupanda na kushuka, kwa kuwa mtumiaji alikuwa yeye. Hakulalamika. Mzigo ulikuwa wake na jicho lilikuwa lake.

Mvua za mwisho zilipoipasua ile stendi ya mbao, kikundi kikaamua kununua nyepesi, ya dukani. Anastazi akasema Kokugonza aje pia Kayanga, apime kama ataweza kuibeba. Sasa, pale sakafuni, alianza kuelewa maana ya maneno yale. Aliletwa apime uzito. Kupima macho hakukuwamo katika safari.

"Lete ile ya fedha," Anastazi alimwambia Cassian.

Ya fedha ilikuwa ndefu, nyepesi kama ungo, yenye miguu ya kuchomoa vipande vingi, kila kipande chembamba kuliko kilichotangulia, na cha mwisho unene wake kama kalamu. Kokugonza akainuka, akaibonyeza kwa vidole viwili. Ikacheza.

"Hii upepo utaipuliza kama filimbi," alisema. "Na inamulika kama bati jipya. Nyati atatuona kabla hatujamaliza kupanda."

Anastazi akaisukuma kando ile ya fedha. "Basi nyeusi."

"Nyeusi ni nzuri. Nyepesi, na miguu yake minene. Ila nguzo hii ikatwe."

"Ikatwe?"

"Ikatwe hapa chini ya kichwa. Stendi itakaa kwenye miguu yake mitatu tu, itashuka mpaka majanini, haitatikisika. Mtu akikaa chini, upepo unampita juu."

"Mtu akikaa chini," Anastazi alirudia taratibu, akimgeukia Cassian ili wacheke pamoja. "Umesikia? Tununue kitu kipya halafu tukikate ili kifanane na kile kibovu. Sasa tumepata stendi ya watu wazima, shemeji. Kila mtu atatazama."

Cassian alicheka kidogo, kiasi cha mauzo. Kokugonza akaiokota kanga yake sakafuni. Kila mtu atatazama. Katika miaka yote ya umande hakuna aliyetaka kutazama.

Walirudi na stendi nyeusi, nguzo yake nzima. Aliyeibeba, bila shaka, alikuwa yeye.

Siku ya kuijaribu mlimani palikuwa na upepo, kama kawaida ya mlima ule jua likishapanda. Anastazi akairefusha miguu yote, akapandisha nguzo hadi mwisho, akasimama wima, mkono mmoja kiunoni. Kutoka mbali alionekana kama mlingoti wa bendera. Kichwa chake na cha darubini vilikuwa vimechorwa juu ya anga, vionekane na kila chenye macho upande wa pili.

"Unaona nini, Ta Anastazi?" aliuliza Muhangi, mfugaji mwenye ng'ombe wengi upande wa nyika, aliyekuwa ameegemea fimbo yake.

"Naona vizuri."

"Nimekuuliza unaona nini."

"Vichaka vinatembea. Ni upepo huu. Mama Ruth, hebu shika miguu."

"Miguu ipi?"

"Ya stendi. Kaa hapo chini uishike isitikisike."

Walikuwa wanamtazama wote, hata Novath aliyekuwa amekaa juu ya kichuguu na bunduki yake mapajani. Kokugonza akapiga magoti, akaishika. Alishika mguu wa kushoto na wa kulia, kifua kikaegemea wa tatu, uso wake ukawa mbele ya suruali ya shemeji yake. Upepo ulipozidi alikaza mikono. Juu yake walipokezana kutazama na kubishana, huyu akisema jiwe, yule akisema ng'ombe, mwingine akiuliza lensi inasafishwa kwa kitu gani. Hakuna aliyemuuliza yeye. Jua lilipogeuka na kuwapiga usoni, wakakunja, wakashuka.

Wiki hiyohiyo nyati alilala katika shamba la Salvina, jirani yake, akaacha migomba imelala kama watu waliolewa rubisi. Kokugonza alisimama ukingoni mwa shamba lile akitazama nyayo, hasira ikamsogelea tena, safari hii ikiwa na kazi mkononi. Kwa kuwa mbebaji alikuwa yeye, stendi ilikuwa nyumbani kwake, nyuma ya mlango. Akaenda akaichukua, akashuka nayo hadi kwa Elipidius, fundi baiskeli, mchana kweupe, watu wakiwa wamejaa kwenye benchi lake wakisubiri pancha zizibwe.

"Shikamoo, Ma Kokugonza."

"Marahaba. Nikatie nguzo hii. Hapa."

Elipidius akaigeuza stendi, akaipapasa kama mtu anayepapasa ndama wa wenyewe. "Waitu, jamani, hii si ile ya kikundi?"

"Ni hiyo."

"Mwenyekiti anajua?"

"Atajua."

"Mimi siikati. Kesho ataniuliza mimi."

"Sikukuuliza kama atakuuliza. Nipe msumeno wa chuma."

Hakumpa, lakini hakumzuia alipouchukua mwenyewe kwenye sanduku. Aliibana nguzo katikati ya magoti, akakata. Bomba lilikuwa gumu kuliko alivyodhani, na jasho likamwingia machoni. Mtu mmoja kwenye benchi akasema, "Leo mwenyekiti atatafuta shemeji mwingine, huyu keshajikata kutoka kwenye ukoo." Wakacheka. Alikata tu. Kipande kilipodondoka, Elipidius, ambaye alikuwa ameapa kutohusika, akachukua tupa akalainisha ukingo, maana kazi mbaya ilimuuma macho. Kisha Kokugonza akaisimamisha palepale kwenye vumbi, akaifungua miguu. Ikashuka, ikashuka, ikalala kama buibui. Akafunga kamba pale nguzo ilipoishia, kitanzi kifupi cha kuning'iniza gunia la mawe, akaisukuma kwa kiganja. Haikutikisika hata kidogo.

Alifanya hesabu yake moja kichwani. Stendi hii sasa ni fupi kwa mtu yeyote aliyesimama. Anayetaka kutazama akae chini. Na wao hawakai chini.

Habari zilimfikia Anastazi kabla Kokugonza hajafika nyumbani. Hakuja. Alisubiri siku ya msako, alfajiri, wote wakiwa wamekusanyika chini ya mlima, ili maneno yawe na wasikilizaji.

"Mali ya kikundi," alisema. "Mpya. Umeikata kama muwa."

"Nimeikata ili ifanye kazi."

"Nani alikutuma?"

"Nyie mlinituma. Mliponishikisha miguu yake kama ya mbuzi anayechinjwa."

Muhangi akakohoa kuficha kicheko. Anastazi akanyanyua kidole. "Marehemu ndugu yangu angekuwepo—"

"Angekuwepo asingenipigisha magoti mbele ya suruali yako. Muache apumzike, shemeji."

Novath akatazama juu ambako kulikuwa kunaanza kupambazuka, akasema kwamba nyati hatawasubiri wamalize kikao cha ukoo. Wakapanda. Kokugonza alibeba stendi.

Juu kwenye mgongo wa mlima aliifungua, akajaza mawe guniani, akalining'iniza, akafunga darubini. Kisha akasogea kando, akakunja mikono, akawaangalia. Alitaka wamwombe wenyewe.

"Muhangi, tazama," Anastazi aliamuru.

"Mimi nikae hapo?" Muhangi alicheka waziwazi. "Ng'ombe wangu wakiniona nimekaa hivyo watadhani nimekufa, wataanza kunililia. Tazama wewe, ndiye mwenyekiti."

Anastazi akafanya jambo ambalo Kokugonza hakulitia katika hesabu yake. Akavua koti, akalitandika, akakaa chini. Magoti yake yalialika kama kuni mbichi. Alinyoosha miguu mbele, ikagonga stendi. Akaikunja, ikakataa. Mwishowe akaipata namna fulani, akainama kwenye darubini.

"Kumbe inatulia," alisema baada ya muda. Sauti yake ilikuwa ya mshangao wa kweli. "Kama ukuta."

Kokugonza alikuwa ameitegemea aibu ya mwanamume huyu imlindie mahali pake, na aibu ilikuwa imemwangusha. Alikuwa amekata nguzo, ametukanwa na ukoo, ametengeneza kitu kizuri, na sasa kitu hicho kizuri kilikuwa chini ya jicho la Anastazi. Kesho wangekaa chini wote. Yeye angebaki na kamba ya kubebea. Aliwaka, lakini hapakuwa na pa kuutupa moto ule, kwa hiyo akasimama nao.

Jua likapanda. Anastazi akahamisha goti la kushoto, na kila alipohama alipoteza mahali alipokuwa, akaanza mlima upya. Akahamisha la kulia. Akakaa kikao cha mtu anayesubiri kuhukumiwa. Akasugua paja. Alipojaribu tena kukunja miguu, mmoja ulikuwa umekufa ganzi kabisa; akainuka kwa kuushika mkono wa Muhangi, akarukaruka kwa mguu mmoja, uso umekunjamana.

"Hakuna kitu huko," alisema. "Mnyama amehama."

Novath alimgeukia Kokugonza. "Ma Kokugonza, tazama wewe."

"Mwenyekiti amesema hakuna kitu."

"Nakuomba mimi."

"Aseme yeye aliyeninyang'anya."

Upepo ulikuwa umeanza. Anastazi alikuwa akiupiga mguu wake kwa ngumi kuuamsha, na hakuinua macho. "Tazama basi," alisema.

"Nani atazame?"

"Tazama wewe, Mama Ruth."

Kokugonza akasukuma koti la Anastazi pembeni kwa mguu, akatandika kanga, akakaa kama alivyokaa maisha yake yote. Alianza juu, kwenye kivuli cha mwisho chini ya kilele, akashuka polepole, bila kutafuta nyati. Alitazama chungu nzima: majani ya kahawia, vichuguu, vichaka vya kijani kilichofifia, weusi wa makorongo. Hakuharakisha. Nyuma yake walianza kunong'ona, kisha wakachoka kunong'ona. Umande ulipenya kanga ukafika kwenye ngozi. Akashuka hadi kwenye kichuguu kimoja kilichokuwa na kivuli upande wa jua.

Kivuli hakikai upande wa jua.

Akabaki hapo. Kivuli kile kikatikisa sikio.

"Amelala mbele ya kichuguu kile kikubwa, chini ya mti uliovunjika," alisema. "Kichwa kinatazama mtoni. Upepo unatoka kwake unakuja kwenu. Shukeni kwa korongo la kushoto. Nikinyanyua kitambaa changu cha kichwa mkono wa kulia, mwende kulia. Nikikishusha chini, simameni."

Novath na Muhangi wakaondoka na wengine. Anastazi alibaki, mguu wake haukuwa tayari kwa korongo. Kokugonza alitazama, akanyanyua kitambaa, akakishusha, akakinyanyua tena. Wanaume aliowafahamu kwa sauti na kwa jeuri walikuwa sasa wadogo kama chawa, wakigeuka kila alipowageuza.

"Niachie kidogo nione," Anastazi alisema.

"Subiri."

Mlio wa bunduki ulifika umechelewa, ukagonga mlima wao, ukarudi. Kwenye darubini nyati alikuwa amesimama, akapiga hatua kama anayetaka kuuliza kitu, akaanguka upande wa mti. Hakuinuka. Kokugonza aliendelea kumtazama mpaka alipomwona Novath akimzunguka kwa mbali, bunduki mbele, kisha akisimama wima na kupumzisha mabega.

Simu ya Anastazi ikaita. Sauti ya Novath ilisikika hadi pale chini alipokaa Kokugonza. "Ameanguka. Palepale."

"Ndiyo, ndiyo," Anastazi alisema, na sauti yake ilikuwa imenenepa ghafla. "Tulimwona vizuri kabisa. Tulipomwona tu nikasema—"

Kokugonza aliondoa jicho kwenye lensi. "Nani alimwona?"

Anastazi akaifunika simu kwa kiganja. "Mama Ruth, si sasa."

"Sasa hivi. Mwambie nani alimwona."

"Haloo?" ilisema simu ndani ya kiganja. "Mwenyekiti? Haloo?"

Walitazamana. Alikuwa mtu mkubwa, shemeji yake, na mara nyingi alikuwa amemletea chumvi na sabuni alipofiwa. Hilo alilijua. Wala halikumpunguzia chochote.

"Kokugonza ndiye aliyemwona," Anastazi alisema ndani ya simu, kama mtu anayetema mfupa. "Ndiyo. Yeye."

Kokugonza akafungua darubini kutoka kwenye kichwa cha stendi, akaifunika lensi, akaitia kwenye mfuko wake na kuuvaa begani. Akakung'uta kanga, akajifunga. Stendi akaiacha palepale kwenye majani, miguu imetandazwa, gunia la mawe likining'inia.

"Na hii?" Anastazi aliuliza.

Kokugonza alianza kushuka. Nyuma yake alisikia mawe yakimwagwa kutoka guniani, kisha mtu akihangaika na vifungo vya miguu ambavyo hakuwahi kujifunza kuvifunga, akisonya, akianza upya. Njia ilikuwa na utelezi na yeye bado alikuwa na hasira. Alimwacha ahangaike.